Moyo wa Dalali wa Kisesa

Mzee Ngosha Mayala alikataa kulala. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja vimeshika magoti, kichwa kimeinama mbele, na kila aliyejaribu kumlaza alisukumwa kwa mkono. Sabina aliyaona hayo kabla hajatua mkoba wake. Mgonjwa wa kifua anayekataa kulala chali mara nyingi si mkaidi. Mwili wake umekwisha kujaribu mikao yote na umebaki na ule unaompatia pumzi.

"Shikamoo, baba."

"Mara..." Pumzi ilimkatikia. "Marahaba."

Sabina alikuwa tabibu kwenye gari la wagonjwa ambalo mradi mmoja wa dharura ulikuwa umeliweka Ilemela. Dereva wake, Mashimba, aliingia nyuma yake amebeba mtungi wa oksijeni, na alipomtambua mgonjwa alisimama mlangoni.

"Kumbe ni wewe, mzee! Huyu ndiye aliyenitafutia ng'ombe wa mahari," akamwambia Sabina. "Mmoja alikuwa na kengeza."

Mzee Ngosha aliinua macho, akafumbua mdomo kujibu, akashindwa. Mashimba akaacha utani. Tangu ujana wake Ngosha alikuwa dalali kwenye mnada wa ng'ombe wa Kisesa, na watu walikuwa wakitoka mbali kuja kumsikiliza tu akiwatukana wanunuzi bahili. Hakuna aliyewahi kumwona amekosa la kujibu.

Aliyepiga simu alikuwa Getruda, binti yake mkubwa. Alieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuyapitia maneno hayo kichwani mara nyingi. Jumamosi, katikati ya mnada, kifua cha baba kilibana. Jasho lilimtoka hadi shati likalowa, akaenda kutapika nyuma ya zizi, akarudi akaendelea kunadi mpaka mnyama wa mwisho. Jioni walimpa maji ya magadi na kumkanda kifua kwa taulo la moto. Jumapili maumivu yalipungua. Jumatatu alikwenda hadi Magu kuangalia madume. Leo, Jumatano, ameamka hana pumzi.

"Tulijua ni gesi," akamaliza.

"Nani alisema ni gesi?"

Getruda aligeuka. Alimtazama mwanamume aliyesimama karibu na dirisha, shati limepigwa pasi ndani ya koti, kalamu mbili mfukoni.

"Mimi," alisema yule mwanamume. "Obedi. Mzee ni mjomba wangu."

Obedi alikuwa na duka la dawa barabarani, na Kisesa nzima ilimwita Dokta Obedi. Alikuwa amesomea kozi fupi ya wauza dawa, basi. Lakini zahanati ikiwa imefungwa au ina foleni, watu walikwenda kwake, na mara nyingi hawakukosea kwenda. Sabina aliwahi kupokea mama mjamzito mwenye kifafa ambaye Obedi ndiye aliyemtambua mapema na kumpakia kwenye gari. Hakuwa mjinga, na Sabina alilijua hilo.

"Mzee ana vidonda vya tumbo vya siku nyingi," Obedi alisema. "Nikampa dawa zake zilezile, na kweli maumivu yakapungua. Leo alfajiri naitwa, namkuta anahema, mishipa ya shingo imesimama. Nikajua moyo umeshindwa na maji yamejaa mapafuni. Nikampiga furosemaidi, ampuli mbili, atoe maji."

"Amekojoa?"

"Amekojoa vizuri sana." Alisema hivyo kwa fahari kidogo.

Sabina alitoa kipimo cha presha. Maumivu ya moyo hupungua kwa njia mbili: damu ikirudi kwenye msuli, au msuli ukiisha kufa na kukosa cha kulalamika. Alifunga mpira wa presha mkononi mwa mzee. Sabini na nne kwa hamsini. Mapigo mia moja ishirini na nane, membamba, yakififia kila alipovuta pumzi. Vidole vilikuwa baridi, na kucha zilikuwa na rangi ya majivu. Mishipa ya shingo ilikuwa imejaa kama Obedi alivyosema. Sabina akaweka kifaa chake cha kusikilizia mgongoni na kusikiliza pande zote mbili, juu na chini, mara mbili. Mapafu yalikuwa makavu.

Hilo halikuingiana na hadithi ya Obedi. Maji yakijaa mapafuni husikika yakichemka hata kabla ya kuweka kifaa. Mtu huyu alikuwa na shingo iliyojaa damu isiyopata pa kwenda, presha iliyoanguka na mapafu safi. Kitu kilikuwa kinauzuia moyo kupokea damu.

Akafungua kasha la ultrasaundi. Ilikuwa ndogo, ikikaa kiganjani kama mashine ya kunyolea, na waya wake ulichomekwa kwenye simu ya gari, ile ile iliyopokea miito yote ya dharura. Akapaka jeli chini ya mfupa wa kifua cha mzee, akabonyeza kuelekea juu, akasubiri kioo kitulie.

Kwenye kioo hicho msuli huonekana wa kijivu, na chochote cha majimaji huonekana cheusi. Moyo wa Ngosha ulikuwa katikati, mdogo, ukipiga haraka. Kuuzunguka palikuwa na utepe mweusi ambao haukupaswa kuwapo, mpana kuliko kidole, na ndani ya utepe huo kitu cha kijivu kilichokuwa kikielea na kutikisika kila moyo ulipopiga. Chumba cha moyo cha upande wa kulia kilikuwa kinabonyea kwa ndani kila kilipojaribu kufunguka, kama mfuko wa nailoni unaonyonywa hewa. Sehemu ya ukuta wa kushoto haikuwa inasogea kabisa.

Sabina alirekodi sekunde chache, akabadilisha pembe, akarekodi tena. Jumamosi mshipa mmoja unaoulisha moyo uliziba. Msuli uliotegemea mshipa huo ulikufa taratibu huku mwenyewe akinadi ng'ombe na kusafiri hadi Magu. Msuli uliokufa hulainika, na leo alfajiri ulikuwa umetoboka. Damu ilikuwa inavuja ndani ya mfuko unaoufunika moyo, mfuko huo hautanuki, na moyo ulikuwa unabanwa na damu yake wenyewe.

"Gesi imeonekana, dokta?" Getruda aliuliza kwa sauti ya juu, sauti iliyokusudiwa masikio ya baba yake. Macho yake yalikuwa yanaomba kitu kingine. Katika nyumba nyingi alizoingia Sabina mgonjwa hakuambiwa anaumwa nini. Ndugu waliambiwa, tena ukumbini, na mgonjwa aliletewa habari nyepesi.

"Tunakwenda hospitali ya rufaa sasa hivi," Sabina alisema. "Atakaa hivyo hivyo, asilazwe. Mashimba, leta kiti."

Akatafuta mshipa mkononi, akauchoma, akafungulia dripu iende kasi. Obedi akasogea.

"Dokta, samahani. Unamwongezea maji mtu aliyejaa maji?"

Sabina akamgeuzia simu. "Hii ni nini?"

"Ini," Obedi alisema baada ya kuangalia.

"Sawa. Na hii?"

"Moyo."

"Na hii nyeusi?"

"Si ndiyo maji niliyosema?"

"Ulisema mapafuni. Mapafu ni makavu, sikiliza mwenyewe ukitaka. Hii iko nje ya moyo, na ni damu. Hiki cha kijivu ni damu iliyoanza kuganda. Moyo umetoboka, Obedi. Kinachousaidia bado kujaa ni presha ya damu inayorudi kutoka mwilini, na damu hiyo haitoshi."

Hakuongeza kwamba furosemaidi ndiyo iliyoipunguza. Haikuhitajika. Obedi alijua kazi ya dawa aliyoiuza, na Sabina aliona jinsi mkono wake ulivyokwenda kwenye kalamu za mfukoni na kuzishika.

Gari lilikuwa na nafasi ya ndugu mmoja. Getruda alianza kupanda, lakini majirani waliokusanyika uani walisema aende dokta wao, yeye ndiye atakayeelewa lugha ya hospitali. Getruda akashuka, akasema atafuata na bodaboda akishachukua nguo na uji.

Mashimba aliwasha king'ora wakaingia barabara ya lami. Sabina akamtumia video Daktari Antoni, daktari wa moyo aliyekuwa zamu, akaweka simu kwenye spika na kuishikiza kati ya paja lake na kitanda. Daktari Antoni alikuwa mtu wa maneno machache. Alitazama video, ikasikika karatasi ikisogezwa mezani kwake.

"Presha?"

"Sabini na nne tulipotoka. Sasa sitini na sita, na dripu inakwenda."

"Hujampa aspirini? Wala ya kulainisha damu?"

"Hapana."

"Vizuri. Mko wapi?"

Sabina alichungulia. Mbele yao, kabla ya Igoma, malori yalikuwa yamesimama pande zote mbili. Moja lilikuwa limekatika ekseli, na magari yalipishana kwa zamu upande uliobaki. Mashimba alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani akiwafokea makondakta.

"Kabla ya Igoma. Barabara imeziba."

"Basi usisubiri. Ukimleta bila kutoa damu utaniletea maiti. Toa kidogo, mililita thelathini zinatosha, presha ikipanda hadi tisini simama. Usiwe na tamaa. Ukiipandisha zaidi, tundu litaachia lote. Umewahi kufanya?"

"Mara moja. Mgonjwa wa kifua kikuu, na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu."

"Nimesimama nyuma yako," Daktari Antoni alisema. "Piga ukimaliza."

Sabina alivaa glavu, akatoa sindano ndefu, akaiunganisha na bomba. Obedi alimwona, akanyoosha mkono kuikinga.

"Unamchoma wapi?"

"Hapa chini ya kifua, kuelekea moyoni. Nitaona ncha ya sindano kwenye kioo muda wote."

"Moyoni? Hapana. Mimi ni mpwa tu, dokta. Mtoto wa dada. Kwenye ukoo huu sina sauti ya jambo kama hilo. Mwenye kauli ni mdogo wake, mjomba Pius, yuko Magu." Tayari alikuwa ameweka simu yake sikioni. "Shikamoo, mjomba. Tuko na mzee njiani. Wanataka kumchoma sindano ya moyo... Ndiyo, ya moyo... Anasema tusubiri, anakuja."

"Mwambie hakuna muda wa kusubiri."

"Anasema mtu hachomwi moyo bila ndugu zake kuona."

"Obedi, mzee ana dakika chache."

"Na akifa na sindano yako kifuani? Nitawaambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyekaa hapa nikatazama?"

Walikuwa wanabishana juu ya magoti ya mgonjwa, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Sabina alikuwa na hoja tatu nzuri zaidi, na alikwisha kuanza kuisema ya kwanza, ndipo sauti ndogo, kavu, ikatoka chini yao.

"Mnaninadi?"

Wote wawili wakatazama chini. Mzee Ngosha alikuwa amefumbua macho.

"Huyu anapandisha," alisema, akapumzika, "huyu anateremsha. Na mnyama yupo."

Sabina aliona joto likimpanda usoni. Alikuwa amejifunza sheria hiyo siku ya kwanza chuoni: mgonjwa mwenye akili timamu ndiye anayeulizwa. Tangu alipoingia nyumba ile alikuwa amemuuliza kila mtu isipokuwa mwenye moyo. Akainama usawa wa uso wake.

"Baba, moyo wako umezungukwa na damu na unabanwa. Nataka kuitoa kidogo kwa sindano. Ni hatari. Nisipofanya hutafika hospitali. Nikifanya unaweza kufika. Unasemaje?"

"Choma."

"Mjomba, mjomba Pius amesema..."

"Pius," mzee alisema, "hajui hata kuchagua mbuzi."

Mashimba alikwisha kusikia. Aliliteremsha gari kando ya barabara, akazima injini ili lisitikisike, akaja nyuma kushikilia mabega ya mgonjwa. Nje watu walianza kukusanyika na kuchungulia vioo, na Obedi, bila kuambiwa, akavua koti lake na kulitandaza dirishani.

Sabina alipaka dawa ya kusafishia, akachoma ganzi, akaweka kichwa cha ultrasaundi kwa mkono wa kushoto na sindano kwa mkono wa kulia. Kwenye kioo ncha ya chuma ilitokea kama nukta nyeupe inayong'aa. Aliisogeza taratibu kupita ukingo wa ini. Alihisi ukinzani mdogo, kama sindano inapopenya ngozi ya maharage mabichi, kisha ukinzani ukaisha na nukta nyeupe ikawa ndani ya utepe mweusi. Akavuta bomba.

Damu nyeusi ikaja. Kumi. Ishirini. Ilikuwa inakuja kwa kusitasita, vipande vidogo vikiziba na kuachia. Alipofika thelathini na tano alitazama mashine ya presha. Tisini na mbili.

Akaacha kuvuta. Akafunga bomba na kulibandika palepale, mrija laini uliovikwa sindano ukiwa bado ndani, aweze kuvuta tena ikihitajika.

Mabadiliko yalikuja upesi kuliko alivyotarajia. Rangi ya majivu iliondoka kwenye midomo. Mzee Ngosha alivuta pumzi ndefu ya kwanza tangu wamkute, akaitoa, akavuta nyingine, kama mtu anayejaribu kitu kipya kabla ya kukinunua.

"Wabeja," akasema. Asante.

"Usiongee sana, baba."

Lakini alikuwa amekaa kimya asubuhi nzima, na hakuwa na mazoea hayo. Mashimba alipokuwa anashuka kurudi kwenye usukani, mzee alimwita.

"Wewe. Ng'ombe hakuwa na kengeza."

"Mzee, alikuwa nalo! Mpaka mkwe aliuliza."

"Wewe ulimtazama ukiwa umesimama upande. Ng'ombe hutazamwa mbele."

Mashimba alicheka hadi akapiga bodi ya gari kwa kiganja. Barabara ikafunguka kidogo na wakapenya. Sabina alimpigia Daktari Antoni, akampa namba, akaambiwa chumba cha upasuaji kinaandaliwa na asibadilishe kitu chochote. Obedi alikuwa ameshika chupa ya dripu juu kwa mkono ulionyooka, ingawa palikuwa na kulabu. Presha themanini na nane. Wakapita Igoma, wakaelekea Buzuruga.

"Dokta," mzee alisema. "Ilikuwa gesi?"

Obedi alitazama sakafu. Sabina angeweza kusema tupumzike kwanza, tutaongea hospitali. Wengi wangesema hivyo, na wasingelaumiwa.

"Hapana, baba. Jumamosi sehemu ya moyo wako ilikosa damu ikafa. Leo imetoboka."

Mzee alilipima jambo hilo. "Nilijua si gesi," alisema mwishowe. "Gesi nimekuwa nayo miaka yote. Haijawahi kunitoa jasho namna ile."

"Mbona hukusema, mjomba?" Sauti ya Obedi ilipanda. "Mbona hukuniambia? Nilikuuliza! Nilikuuliza kama maumivu yanakwenda mkononi, ukasema hapana!"

"Ungenipeleka hospitali."

"Ndiyo!"

"Na ng'ombe wa watu nani angenadi?" Akafumba macho, akatulia kidogo, akayafumbua tena. "Uliposema gesi nilifurahi. Usi..."

Hakumaliza. Kichwa kilianguka upande wa kulia, taratibu, kama cha mtu aliyesinzia kanisani. Presha haikusomeka. Sabina alilishika lile bomba lililobandikwa, akavuta; halikutoa kitu. Akalizungusha, akavuta tena. Chembe moja nyeusi iliingia, ikasimama mdomoni mwa bomba. Damu iliyokuwa imejaa mfukoni sasa ilikuwa nyingi na ilikuwa imeganda, na damu iliyoganda haipiti kwenye sindano.

"Mashimba, usisimame tena!"

Akamlaza, akaanza kukandamiza kifua, akimhesabia Obedi wakati wa kubana mfuko wa hewa. Obedi alibana vizuri, kwa kipimo. Walibadilishana mara mbili. Gari lilipita Mabatini likipanda pembeni ya barabara, king'ora kikilia, na vyombo vya chuma ukutani vikigongana. Obedi alipokuwa zamu ya kukandamiza, Sabina aliweka tena kichwa cha ultrasaundi chini ya kifua.

"Simama kidogo," akasema.

Obedi akasimama. Wote wakatazama simu.

Utepe mweusi ulikuwa umegeuka kijivu, mnene, umejaa kila upande. Katikati yake moyo ulikuwa mdogo, umefunga. Haukuwa unasogea.

"Imekwama," Obedi alisema. "Dokta, picha imekwama. Zima uwashe."

Sabina aliuinamisha mkono wake kidogo. Kwenye kioo ini lilipita, ubavu ukapita na kivuli chake, kisha moyo ukarudi mahali pake. Vitu vyote vilikuwa vimesogea kwa sababu mkono wake ulisogea. Moyo haukuwa na mwendo wake wenyewe.

"Haijakwama," alisema. "Endelea kukandamiza."

Waliendelea mpaka mlango wa dharura wa hospitali, juu ya kilima, kwa sababu ndivyo inavyofanywa na kwa sababu hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuacha. Daktari Antoni aliwapokea na timu yake. Waliendelea ndani muda ambao Sabina hakuupima. Kisha daktari alitoka, akavua glavu, akamwambia Sabina kwamba alichoma mahali sahihi na kutoa kiasi sahihi. Alisema hivyo kama anavyosoma majibu ya maabara, na Sabina alimshukuru kwa kulisema namna hiyo.

Obedi alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi nje, shati lake limelowa. Chini ya kilima ziwa lilionekana kati ya mawe na mabati ya nyumba, tambarare, jeupe kwa jua la mchana. Sabina alimwambia kwamba mzee amefariki. Obedi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa bei aliyokwisha kuikisia.

"Ile furosemaidi," alisema baadaye.

Sabina alijua swali hilo lingekuja, na alikuwa amekwisha kulipangia jibu.

"Haikutoboa moyo. Moyo ulitoboka kwa sababu ya Jumamosi. Sindano ilipunguza damu iliyokuwa ikirudi moyoni, ikamshusha presha."

"Kwa kiasi gani?"

"Sijui."

"Bila ile sindano angefika hapa akiwa mzima?"

"Sijui, Obedi. Huenda. Na hata angefika, wengi hawatoki chumba cha upasuaji. Hakuna kipimo cha kunipa jibu hilo, na sitakuambia kitu nisichokijua."

Obedi alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Wewe ni mtu mgumu, dokta."

Sabina aliketi kando yake.

Pikipiki ikapanda kilima. Getruda alishuka kabla haijasimama vizuri, mfuko wa nguo begani, chupa ya uji mkononi. Alipowaona wawili hao wamekaa tu alipunguza mwendo, kisha akauongeza.

"Yuko wapi? Wameshamwingiza? Kaka, mbona kimya?"

Obedi alisimama. Akamgeukia Sabina na kunyoosha mkono.

"Nipe ile video ya kwanza. Ya nyumbani. Nitamwonyesha palipotoboka. Nikiongea tu hataelewa, naye ana haki ya kuelewa. Nitamwambia na kuhusu ile sindano yangu. Nipe, nisije nikaghairi."

Sabina alilifikiria. Palikuwa na ukweli ndani ya video ile, wote, na kijana huyu alikuwa anataka kuusema mwenyewe. Hakuona sababu ya kumzuia. Akaitafuta, akaifungua, akampa simu.

Obedi aliishika mbele ya binamu yake, kidole kikionyesha. "Getruda, angalia. Hapa pembeni. Unaona huu weusi..."

Getruda hakutazama kidole. Alitazama katikati ya kioo, mahali kitu kidogo cha kijivu kilipokuwa kikifunguka na kufunga, kikifunguka na kufunga, haraka haraka.

"Unapiga," alisema. Akaweka chupa ya uji chini. "Si moyo wake huu? Unapiga! Jamani, mmenitisha bure, mmekaa kama mko msibani." Akaanza kucheka, mkono mmoja kifuani. "Baba! Asante Mungu. Tazama unavyopiga!"

Obedi alimtazama Sabina. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo.

Lilikuwa jambo la sekunde chache, lakini Sabina alikuwa hajaliwaza. Yeye aliona video hiyo kama ilivyo, ushahidi wa saa fulani ya asubuhi, ukuta uliokufa na damu nje ya moyo. Hakuwa ameona kwamba mtu mwingine angeona moyo.

"Hiyo ni ya asubuhi, dada," alisema. "Ya nyumbani, kabla hatujaondoka. Baba amefariki. Pole."

Getruda hakuinua macho. Video ilifika mwisho, ikarudi mwanzo yenyewe kama ilivyopangwa, na moyo ukaendelea. Alichukua simu kutoka mkononi mwa Obedi kwa mikono yote miwili, akaketi nayo chini, palepale kwenye saruji, miguu imenyooka mbele.

Miito yote ya dharura kutoka Ilemela hadi Kisesa iliingia kwenye simu hiyo, na muda wote ilipokuwa mkononi mwa Getruda ilikuwa haiko mkononi mwa Sabina. Alinyoosha mkono kuidai. Mashimba, aliyekuwa anaosha sakafu ya gari kwa ndoo, alinyanyua kichwa akamtazama.

Sabina akaurudisha mkono. Akakaa kwenye ukuta mfupi, akasubiri.